Injini ya Stirling ya kopo: inakwenda dakika saba inazimika, na ikipoa hairudi vizuri

KopoNaKrenki (Unguja)

Assalaam aleikum mafundi. Naomba macho yenu kwenye injini ndogo ya hewa moto, ile ya Stirling, ambayo pistoni ya kazi inakaa pembeni na silinda kubwa ni kopo. Vipimo ni hivi.

Silinda: kopo la nyanya la chuma, kipenyo cha ndani 73 mm, urefu wa ndani 110 mm. Kihamisha hewa (naiita hivyo ile pistoni pwaya inayoipeleka hewa upande wa moto na kuirudisha upande wa baridi): kopo la soda la 66 mm, limekatwa na kuunganishwa kwa Araldite, urefu 70 mm. Fimbo yake ni spoki ya baiskeli 2 mm, inapita ndani ya bolti ya shaba njano M6 iliyotobolewa kwa keekee ya 2.1 mm. Pistoni ya kazi: bomba la sindano la kioo, ml 10, kipenyo kama 16 mm. Krenki (ekseli iliyopindwa, inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko) pia ya spoki, mikono yote miwili 10 mm, kwa hiyo mwendo ni 20 mm kila upande, na imepishana digrii 90. Flaiwili (gurudumu la kuendeleza mzunguko) ni sidii tatu, beringi mbili za 608. Moto ni taa ya spiriti yenye utambi mnene. Juu nimezungushia koti la maji la chupa ya plastiki, ml 150.

Inawaka vizuri tu. Inakwenda kama dakika saba, inapunguza kasi taratibu, inasimama. Maji wakati huo ni nyuzi 60, yalianza na 30. Nikiyamwaga nikatia mengine, inakwenda lakini kivivu, na kila siku inazidi kuwa mvivu. Je, niongeze moto? Au ninunue bomba la ml 20?

Mkereza_Karakana

Waleikumu salamu. Moto usiongeze, na bomba la ml 20 liache dukani kwanza. Una maradhi mawili, moja limejificha nyuma ya jingine.

Kuzimika baada ya dakika saba ni upande wa baridi kupata moto. Fanya hesabu: ml 150 za maji kutoka nyuzi 30 hadi 60 zimemeza karibu kilojuli 19. Ndani ya dakika saba hiyo ni kama wati 45 zinazoingia kwenye koti lako, na injini ya ukubwa huu haitoi hata wati 1 kwenye shafti. Sasa jiulize hizo 45 zinapitia wapi. Wengi watakwambia zinapanda kwenye ukuta wa kopo. Si kweli, au ni kweli kidogo sana: bati la kopo lina unene wa kama 0.2 mm, na kwa urefu wa 70 mm baina ya moto na maji haliwezi kupitisha zaidi ya wati saba au nane. Kiasi fulani hubebwa na hewa ya ndani, hiyo ndiyo kazi yake. Kilichobaki ni ulimi wa moto. Utambi wako mnene, moto unalilamba kopo ubavuni na kulipasha koti moja kwa moja kutoka chini.

Kwa hiyo kata duara la bati, upana 150 mm, toboa katikati tundu la 74 mm, livishe kopo kama kola ukiacha 60 mm kutoka kitako. Moshi wa moto utageuka pembeni. Halafu punguza utambi mpaka moto ukae ndani ya duara la 40 mm katikati ya kitako. Moto mdogo uliolengwa unashinda moto mkubwa unaotawanyika.

Maradhi ya pili ni kule kuzidi uvivu siku hadi siku. Hilo si joto, ni uvujaji. Kitako cha kopo la chakula hakikuungwa kwa lehemu, kimekunjwa, na ndani ya mkunjo kuna utomvu mwembamba kama mpira wa kuzuia hewa. Ukiupiga moto unaungua. Chomoa bomba la kioo, unga mpira mahala pake, tia kopo ndani ya ndoo ya maji upulize kwa mdomo. Mapovu yakitoka kwenye ukingo wa kitako, jawabu umelipata.

Yakhe_wa_Wete

Naunga mkono suala la koti. Watu wa huku Pemba hili tunalijua kutoka kwenye makonyo (vikonyo vya karafuu): ukipita Wawi kwenye mtambo wa kukamua mafuta ya karafuu, moto wowote ule, bila maji ya kupozea hupati hata tone. Injini ya hewa moto nayo ni hivyo hivyo, inaishi kwa tofauti ya joto, haiishi kwa joto.

Ml 150 ni kikombe cha chai, hazitoshi. Chukua ndoo ya lita 5, iweke juu ya meza kiasi cha nusu mita kupita koti, na uteremshe maji kwa mpira wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kubania. Maji yaingilie chini ya koti yatokee juu, upande wa pili, yaangukie ndoo nyengine. Kwa wati 45 na maji kupanda nyuzi 10 tu, unahitaji karibu ml 65 kwa dakika. Lita 5 zinakupa saa na robo, kisha unayarudisha juu. Kigurudumu kifungue chote mwanzoni, ukibane baadaye kwa kushika maji yanayotoka: yakiwa ya uvuguvugu tu, panatosha.

Na kabla hajatokea wa kukwambia utie barafu: usitie. Kitako kikiwa nyuzi 280 na baridi 35, tofauti ni 245. Barafu ikikushushia baridi mpaka 10, tofauti inakuwa 270. Umeongeza asilimia 10, na umejinunulia balaa la unyevu. Hewa yetu ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 26 hivi. Umande ukiingia kwenye bomba la kioo, pistoni inanata kama imegundishwa. Wakati wa kaskazi hata maji ya bomba yenyewe huwa ya uvuguvugu, na injini inakwenda bila wasiwasi.

TupaNaMsasa

Mimi sioni vipi injini hii inakwenda kabisa. Tizama hewa iliyolala bure ndani yake.

Kopo la 73 kwa 110 linabeba cm³ 460. Kihamisha hewa cha 66 kwa 70 kinachukua 240. Iliyobaki ni hewa cm³ 220, lakini inayohamishwa kila mzunguko ni 68 tu. Yaani thuluthi moja inafanya kazi na thuluthi mbili zinatazama. Hewa hiyo ya bure inabanwa na kuachwa kama sponji, na shinikizo ambalo lingeisukuma pistoni linapotelea humo. Mwanya wa ubavuni ni 3.5 mm, na juu na chini umebakisha 10 mm kila upande. Mwanya mkubwa pia unaifanya hewa ipite katikati bila kugusa ukuta, kwa hiyo haipati joto wala haipoi vizuri.

Tengeneza kipya: kipenyo 70 mm, urefu 86 mm. Ubavuni unabaki 1.5 mm, juu na chini 2 mm kila upande. Hewa yote inashuka hadi cm³ 129 na inayohamishwa inapanda hadi 77. Hapo ndipo mchezo unapobadilika.

Usishuke chini ya 1 mm ubavuni. Bolti yako ikiwa na uwazi wa 0.1 mm na urefu wa 25 mm, ncha ya kihamisha hewa huko chini inaweza kuyumba karibu 0.4 mm. Kwa 1.5 uko salama, kwa 0.5 kitaparuza, na kuparuza kidogo tu kunaiua injini ya aina hii.

KopoNaKrenki (Unguja)

Shukrani. Mapovu nimeyaona, nusu ya ukingo wa kitako unavuja. Maswali mawili: (1) kitako nakizibaje kisiungue tena? Nina waya wa lehemu wa kawaida na silikoni nyekundu ya kufungia injini za gari. (2) kopo la soda ni 66 mm, la 70 nalipata wapi?

Mkereza_Karakana

Kitako. Lehemu ya kawaida inayeyuka karibu nyuzi 185, na hapo chini unapitisha 250 kwa raha. Itadondoka kwenye taa. Silikoni nyekundu inavumilia zaidi, lakini moto wa moja kwa moja unaigeuza unga. Itumie juu, upande wa maji, ambako inakaa miaka.

Njia ya uhakika ni lehemu ya fedha. Nenda kwa sonara, yeyote mwenye mtambo wake wa moto, fedha yake ya kuungia inayeyuka juu ya nyuzi 600. Kabla hujaenda, kwangua upako wa bati pote patakapounganishwa, ndani na nje, kwa tupa na msasa mpaka chuma kiwe cheusi kijivu. Bati likichanganyika na ile fedha, kiungo kinakuwa kavu na kinapasuka. Fundi friji naye atakwambia anazo fimbo zake za kuungia. Nyingi ni za shaba yenye fosfori. Hizo ni za shaba kwa shaba. Kwenye chuma zinashika leo na kukatika kesho. Muulize kwanza kama anayo fimbo ya fedha na ungaunga wake wa kusafishia.

Ila mimi nisingelilifufua kopo hilo. Tafuta bilauri ya stenlesi isiyo na mshono, iliyovutwa kipande kimoja. Zimejaa sokoni Darajani. Nenda na venia (kipimio cha vipenyo), kwani nyingi ni pana juu na nyembamba chini, na hizo hazifai, chagua iliyonyooka. Stenlesi inapitisha joto kama thuluthi ya chuma cha kawaida, haishiki kutu kwa hewa yetu ya chumvi, na kitako chake hakina mkunjo wa kuvuja. Kasoro yake moja ni kutoboa: keekee ikizunguka kwa kasi inaifanya ngumu, haikati tena. Zungusha polepole, kandamiza sana, tone la mafuta.

Kuna watakaokwambia kopo la dawa ya kupuliza, lile la aluminiamu lisilo na mshono. Linazuia hewa vyema, lakini aluminiamu inapeleka joto juu mara nne au zaidi ya chuma, basi unarudi kule kule kwenye maji kuchemka. Na kopo hilo lisipokuwa tupu kabisa, likakatwa kwa msumeno, ni hatari.

TupaNaMsasa

La 70 mm hulipati, unalikunja. Mzingo wa 70 mm ni 220 mm, ongeza 6 mm za mkunjo, kwa hiyo unataka utepe wa 226 kwa 86. Kopo moja la soda likifunguliwa linatoa 207 tu. Chukua mawili uunge.

Usishawishike na bati la kopo la maziwa kwa sababu ni kubwa na linashika lehemu. Nimelipiga hesabu: kihamisha hewa cha bati la 0.2 mm kinafika gramu 42, cha aluminiamu ya kopo la soda hakifiki 8. Hizo gramu 42 krenki itazinyanyua na kuzitupa mara tatu au nne kila sekunde.

Kabla ya kukunja, ondoa rangi yote kwa msasa, na ule upako wa ndani pia. Usipoiondoa, siku ya kwanza ya moto rangi inatoa moshi, moshi unaganda kwenye bomba la kioo kuwa ulimbo wa kahawia, halafu utauliza kwa nini pistoni inakwama. Mshono ukunje ukingo ndani ya ukingo na uupige bapa juu ya bomba la chuma, usitumie gundi. Vifuniko viwili vya duara, ukiacha meno ya 5 mm pembeni ya kukunjia. Upande wa moto hakuna gundi yoyote. Araldite yako ya zamani naamini imeshalainika huko na kihamisha hewa kimekaa upande. Upande wa baridi unaweza kupaka silikoni. Toboa huko tundu moja la ncha ya sindano, hewa ya ndani ikipanuka isikitunishe.

Spoki kuishika: tumia upande wake wenye uzi na ile nati yake inayokaa kwenye ringi. Pitisha kwenye kifuniko cha baridi, tia washa (kipete cha chuma) ndogo kila upande, kaza. Hakuna kilicho sawasawa zaidi ya hicho kwa bei hiyo.

Bububu_Express

Jamani kwa nini asifanye ya mvuke akapata nguvu za kweli? Mji huu ulikuwa na treni ya mvuke hadi Bububu tangu 1905, sisi tunahangaika na makopo ya nyanya.

Mkereza_Karakana

Silinda ndogo ya mvuke ya kuyumba ni rahisi kuliko hii, hilo sibishi. Tatizo ni boila. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi mara 1,600 na zaidi, na kopo lililozibwa halijui kuvuja taratibu, linapasuka usoni. Boila inataka shaba nyekundu, viungo vya lehemu ya fedha, vali ya usalama inayofunguka kabla ya hatari, na kujaribiwa kwa maji baridi kwa shinikizo mara mbili ya la kazi. Mwenye hayo yote afungue mjadala wake, tutakuja. Injini ya hewa moto ikiharibika inasimama tu.

Yakhe_wa_Wete

Narudi kwenye bomba la kioo, kwani hapo hapajaguswa na ndipo wengi wanapopoteza mwezi mzima.

Lishike wima, mdomo wazi: pistoni ishuke yenyewe kwa uzito wake bila kusita. Liinamishe, ishuke tena. Kisha ziba mdomo kwa kidole: sasa ishuke kwa kujivuta, ichukue sekunde kumi au zaidi. Ikiporomoka, kioo kimechakaa. Ikikwama ukiwa umefungua, ni chafu. Ioshe kwa maji ya sabuni, halafu spiriti, ikauke, usiiguse tena kwa vidole. Jasho lina chumvi. Bomba na pistoni yake husagwa pamoja, mara nyingi vina namba moja, kwa hiyo usichanganye vya mabomba mawili.

Mafuta hapana. Hata ya cherehani. Mafuta kwenye kioo yanakuwa gundi ya nguvu za injini ndogo. Ukitaka kulainisha, sugua pistoni kwa risasi ya penseli laini, 4B au 6B, kisha ifute. Mafuta ya cherehani yatie tone moja tu kwenye spoki inapopita ndani ya bolti. Pale yanalainisha na yanaziba hewa pia. Yakikauka utaanza kusikia pumzi pale juu. Na kwa faida ya wasomaji wengine: bomba la plastiki lenye mpira halitafanya kazi hata uliombee dua, msuguano wa ule mpira ni mkubwa kuliko nguvu zote za injini.

Beringi za 608 zinakuja na grisi nzito. Ng'oa vifuniko, zioshe kwa petroli nje ya nyumba, zikauke. Chomoa bomba la kazi kwenye krenki, sukuma flaiwili kwa kidole: izunguke mara 20 au zaidi na kihamisha hewa kikiwa kimeungwa. Na ukiiacha isimame pahala popote, isirudi. Ikirudi daima upande mmoja, uzito wa kihamisha hewa unaivuta; bandika washa kwenye sidii upande wa pili wa mkono wake mpaka itulie.

Kabla ya kuunga bomba la kioo, washa taa dakika mbili na tundu lake likiwa wazi. Unyevu wa ndani unatoka huko badala ya kwenda kwenye kioo.

KopoNaKrenki (Unguja)

Mrejesho. Bilauri ya stenlesi iliyonyooka imepatikana, kipenyo cha ndani 72 mm, urefu 112, kwa hiyo kihamisha hewa nimekikunja 69 kwa 88. Kola ya bati imewekwa, utambi nimeupunguza nusu, ndoo na mpira wa dripu. Imekwenda dakika 50 mfululizo na nimeizima mwenyewe. Kwa kuhesabu kwenye video ya simu iliyopunguzwa kasi ni mizunguko 230 kwa dakika, awali haikupita 160. Maji yanatoka nyuzi 37.

Yamebaki mawili. Inagonga, tak tak, kila mzunguko mara moja. Na je, sasa ni wakati wa ml 20?

Mkereza_Karakana

Kugonga mara moja kwa mzunguko: sikiliza kwanza kama ni chini au kwenye krenki. Shika kijiti kavu, ncha moja kwenye bilauri, nyengine sikioni. Mlio ukiwa ndani ya bilauri, kihamisha hewa kinagusa kitako au kifuniko. Una 2 mm tu kila upande na spoki ikipashwa moto inarefuka kidogo. Kikigusa kitako, kipandishe nusu milimita; kikigusa kifuniko, kishushe. Mlio ukiwa juu, ni uwazi wa konrodi (fimbo inayounga pistoni na krenki) kwenye pini ya krenki. Vua ganda la plastiki la waya mwembamba wa umeme, kata 3 mm, livishe pini kama bushi. Lisibane, lizunguke huru.

Ml 20: ndiyo, sasa. Kuna kanuni ya Ivo Kolin, mtaalamu wa injini za Stirling, kwamba uwiano wa kubana hewa (ujazo mkubwa wa hewa gawa kwa mdogo) usizidi 1 jumlisha tofauti ya joto iliyogawiwa kwa 1,100. Kwa tofauti ya 220 ni 1.2. Wewe uko 1.03, umeiacha nafasi kubwa. Bomba la ml 20 lenye kipenyo cha 20 mm linakupa cm³ 6.3 badala ya 4. Bado uko mbali na mpaka. Dalili ya kuuvuka huwa wazi: injini haipungui kasi taratibu, inafika pahala pamoja, inarudi nyuma kama imegonga ukuta.

Ukilibadilisha, mpira unaounganisha bomba na silinda uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Kila sentimita ya mpira mrefu ni hewa ya bure aliyoisema TupaNaMsasa.

TupaNaMsasa

Na usiubadilishe mkono wa krenki wa pistoni ya kazi siku hiyo hiyo. Badilisha bomba peke yake, hesabu mizunguko, andika. Kisha ndiyo ujaribu mkono wa 12 mm.